Na Jumapili Mimi Nani?

Kaa, Wannes. Si hicho, hicho kimevunjika mguu.
Nimekusomea mara moja, nakusomea tena taratibu,
maana haya yaliandikwa na watu wasioamka saa tisa usiku.

Jumatatu na Jumanne wewe ni mwanafunzi:
hesabu, Kifaransa kidogo, usafi wa jikoni,
na yule mwalimu wa chachu anayepiga chafya kila akigusa unga.
Jumatano hadi Ijumaa wewe ni wa Bwana Lippens,
mkataba wa mafunzo, ujira mdogo, aproni yako mwenyewe.
Hapo hatugombani.

Lakini unaitaka na Jumapili.
Tanuri lilelile, bwana yuleyule,
ila kwa jina jingine: kibarua cha mwanafunzi,
kile chenye makato madogo.

Kifungu kinasema hapana.
Anayekufundisha kazi hakuajiri kama mwanafunzi.
Kwa mwingine, sawa, lakini likizo tu,
shule ikiwa imefungwa na mafunzo yamesimama.
Na saa zako zina hesabu; zikiisha zimeisha,
kama salio la simu.

Ndivyo nilivyosema.
Ukaniuliza, huku ukibandua unga uliokauka kwenye kucha:
"Jumatatu mwanafunzi. Jumatano mfanyakazi.
Na Jumapili mimi nani?"

Nikafunua kurasa. Nikaipulizia miwani, nikaifuta.
Miaka kumi na tisa kwenye meza hii
na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Hukuwa mjanja wa njia za panya.
Ulitaka pikipiki.
Basi la kwanza linatoka Eeklo saa kumi na mbili kasorobo,
mkate wa Lippens unakandwa saa kumi.
Kilomita kumi na moja kwa baiskeli,
mvua ya Februari ikikupiga ubavuni,
taa ya dinamo ikififia kila ukichoka.
Unahitaji pikipiki uifikie kazi,
unahitaji kazi uifikie pikipiki.
Wanasema njia mbili zilimshinda fisi.
Fisi hakuwa na ratiba.

Wanasema pia sheria ni msumeno.
Mpini nimeushika mimi, na mkono wangu, nikwambie kweli, unatetemeka.
Najua kwa nini kifungu kiliwekwa:
wapo waliowapa watoto jina la mwanafunzi
na mzigo wa mtu mzima, siku saba, nusu bei.
Lippens si mmoja wao.
Kifungu hakimjui Lippens.

Julai ukaenda Blankenberge
kuosha nyumba za magurudumu za watalii.
Ulinipigia simu mara moja tu, kuuliza saa zilizobaki.
Mia na sita, nikasema.
Upepo ulikuwa mwingi. "Mia ngapi?"

Septemba, Alhamisi, kabla sijavua koti,
kitu kikakohoa uani mara tatu, kikanyamaza.
Kijani iliyopauka, kioo kimoja,
kiti kimezungushiwa utepe wa fundi bomba.
Nilipofika dirishani ulikuwa umeshageuza, unawahi oda za watu.
Mapokezi, mfuko wa karatasi, bado moto,
hauna jina.

Ukurasa wa arobaini na moja:
mtumishi wa shule hapokei zawadi ya mwanafunzi.

Nikasoma tena, taratibu.
Ilikuwa Alhamisi.
Na Alhamisi, kwa mujibu wa kitabu,
wewe si mwanafunzi.

Nikaenda chumba cha pili kuomba siagi.