Dereva wa Lori Hana Sura

Katika katuni ile kifo huchukua sekunde nne:
kijana, kivuko, taa mbili, weupe.
Kisha anafumbua macho chini ya mwezi mweusi
na upanga tayari uko mkononi.
Lori halionekani tena.
Hakuna anayeuliza liliegeshwa wapi,
wala nani alishuka, akapiga magoti kwenye theluji,
akimwamsha mtu asiyemjua jina.

Mimi jina nalijua. Haruomi.
Miaka kumi na sita, begi la shule, kiatu kimoja.
Nilikuwa nimebeba vitunguu kutoka Kitami, tani nane,
kiza cha asubuhi hakijapasuka,
na barafu barabarani nyembamba
kama ganda la kitunguu chenyewe.
Mahakama ilisema: barafu.
Mahakama hailali kitandani mwangu.

Kila tarehe tisa nampelekea mama yake ubani.
Mwaka wa kwanza hakufungua mlango.
Wa pili alifungua, akapokea, akafunga.
Wa tatu akasema: Vua viatu, baridi inaingia.
Bi Shizue huchemsha chai ya shayiri, akasahau kuimimina.
Siku moja, macho yake yakiwa kwenye picha ya mwanawe,
akaniuliza:
"Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Alielekea wapi?"

Kinywa kilinitangulia.
Nikamsimulia nilichokiona usiku uliotangulia
kwenye mkahawa wa madereva, runinga juu ya friji:
kwamba kuna nchi upande wa pili, haina jua,
mito yake hupanda milima,
na kila mgeni huulizwa kwanza anajua kazi gani.

"Alijua kukaanga mayai," akasema. "Basi."
"Ndiyo kazi aliyopewa," nikasema. "Mayai ya majoka."
Akacheka. Kicheko kikamshtua mwenyewe,
akakifunika kwa kiganja.

Tangu hapo nadaiwa.
Kila mwezi nampelekea habari, nikibadili jina tu la shujaa:
alivyong'atwa na mbwa wenye nyuso za watu,
alivyomzika rafiki kwa kijiko,
alivyokufa tena, mara ya pili, mara ya tano,
maana huko mauti ni duka, unaingia na kutoka
ilimradi ulipe.
Bi Shizue huuliza jambo moja tu:
"Alivaa skafu?"
Nasema alivaa.

Halafu ikaja sehemu ya kumi na moja.
Shujaa amekufa, mifuko mitupu.
Mwenye duka, kiumbe chenye mizani mahali pa moyo,
akamwambia: Nilipe uso wa mama yako.
Akalipa.
Wakamchora akiondoka mwepesi, karibu anapiga mbinja,
na nyuma yake, katika jiko la zamani,
mwanamke anageuka, na pale penye uso
pana karatasi tupu.

Nilikaa ndani ya lori, injini imezimwa,
hadi kioo kikaganda kwa pumzi zangu.
Ningeweza kuruka sehemu hiyo.
Miezi kumi na minne nimemdanganya, ningeshindwaje siku moja?

Tarehe tisa nikamweleza, nikihesabu nyuzi za mkeka.
"Uso tu?" akauliza. "Au na sauti?"
Nikasema hawakuonyesha.

Siku hiyo hakusahau chai. Alimimina vikombe vitatu.
"Sauti ndiyo angeuza," akasema.
"Alikuwa ameshavuka nusu ya barabara.
Nilimwita dirishani. Skafu, Haruomi, skafu yako.
Akageuka.
Ndipo taa zako."

Miaka mitano, mahakama, bima, polisi na tepu zao za kupimia,
na hakuna aliyempima yeye.
Nilitafuta neno. Nilipata vidole vyangu tu,
vinavyonuka vitunguu hata nivisugue vipi.

Tukanywa. Kikombe cha tatu kilifuka mvuke,
kisha kikaacha.
"Sehemu ijayo ni lini?" akauliza.
Alhamisi, nikasema. Saa saba usiku.
"Usije na hadithi," akasema. "Njoo mapema.
Runinga yangu ni mbovu, lakini inaonyesha."