YAH: KIDONGE CHEUPE

Limbani, Wete.
Siku ya tatu tangu barua yenu.

Kwa Mwandaaji wa Orodha ya Dawa,
Bima ya Afya.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, pokea salamu.
Nilikuwa karani miaka thelathini na mmoja;
najua salamu hutangulia shari.

Pili, kadi ni ile ile.
Picha ya Mkasi ni ile ile, ushungi umemziba nusu ya jicho.
Namba ni ile ile, nimeihifadhi kama Alhamdu.
Makato ya pensheni yangu nayo ni yale yale,
hayajakosa mwezi, hayajaugua.
Kilichobadilika ni mstari mmoja, ukurasa wa tisa.

Salhina wa dirishani alinionesha kwa ncha ya kalamu,
mtoto wa watu, kaona haya kana kwamba mwizi ni yeye.
"Babu, cheupe kimetoka. Kimeingia cha waridi.
Cheupe sasa ni kwa fedha taslimu,
au kwa kibali maalumu, na kibali hutoka Unguja."
Akaandika bei kwenye kipande cha karatasi,
akakikunja mara mbili kabla ya kunipa,
kama bei ni uchi wa mtu.

Tatu, nikueleze kidonge chenyewe.
Ni kidogo kuliko mbegu ya papai.
Kabla yake Mkasi alikuwa akianguka
uani, njiani, harusini,
na mara moja jikoni, chungu kikichemka.
Kovu la mkono wa kushoto lina umbo la kisiwa.
Wajukuu humuuliza, "Bibi, hii Pemba au Unguja?"
"Hii Kojani," huwajibu, "gari haifiki."
Watu walisema shetani, wakafukiza, wakapunga.
Kidonge hakikusema kitu.
Kilikaa kimya, naye akakaa wima
miaka saba.

Juzi alimeza cha waridi,
ili vyeupe kumi na kimoja vibaki akiba.
Jana chai ilimwagika.
"Mkono tu huu," kasema.
Nami nikatazama jiko.

Vyeupe vina mfuo katikati.
Mfuo unaniita kisu.
Sijavigawa.

Nne, na hili haliandikwi kwenye barua rasmi:
orodha naijua. Orodha haijiandiki.
Ina mtu, ina kiti, ina chai iliyopoa pembeni,
ina rula ya kukatia jina ili mstari usipinde.
Mimi nilikuwa na rula.
Mwaka wa kugawa miche nilimkata mjane wa Kangagani,
Bi Time wa Shaame: fomu yake haikuwa na alama ya dole gumba.
Alikuja mara tatu.
Mara ya tatu hakusema kitu.
Aliuweka mkono juu ya meza yangu, kiganja juu,
nikaona nyufa za jembe, na dole laini kama kokoto,
halina tena mchoro wa kupigia wino.
Nikamwambia arudi Jumatatu.

Sijui ilikuwa Jumatatu ipi ile.

Basi sikutukani, ndugu. Nakujua.
Nakuomba uweke rula chini kidogo, usome kwa sauti:
Mkasi binti Faki, miaka sitini na minne,
kimoja asubuhi, kimoja usiku.
Lisome hata kama ofisini hamna mtu.

Kama kibali hutoka Unguja, nakifuata.
Nauli ninayo, nimeuza makonyo na redio.
Nitaingia kwako nisiseme kitu.
Nitauweka mkono huu juu ya meza yako,
kiganja juu.

Usinambie Jumatatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mbarouk Kombo Haji,
karani mstaafu.

Nakala:
Salhina, dirishani.
Jalada.
Bi Time wa Shaame, popote alipo.