Friji ya Mayai

Friji hii ilikuwa ya hoteli iliyofungwa kule Casuarina.
Kompresa ilipokufa niliisukuma kwa mkokoteni hadi Maweni.
Miaka thelathini nimelipwa kulifukuza joto,
leo nimekaa mbele ya mlango nalibembeleza lisitoke.

Balbu moja, sufuria ya maji,
mchanga niliouchekecha mara mbili kama unga wa maandazi.
Mayai kumi na moja, ya duara,
kila moja na alama ya penseli utosini:
juu ni juu.
Ukiligeuza, kilichomo kinazama
wala hakipigi kelele.

Bafta aliyataga usiku wa Alhamisi, nyuma ya choo,
kilo mia na kumi, akichimba kwa miguu ya nyuma
pasi na kutazama anachokifanya,
kama mtu anayesaka ufunguo mfukoni gizani.
Akakojoa, udongo ukalainika, akachimba tena.
Somoe alimmulikia kwa simu hadi chaji ikaisha,
akasema, “Mimi Athmani sikumzaa kwa muda huu.”

Dume, Gunia, ndiye wa kututia aibu.
Akipanda hunguruma kama jenereta iliyogoma kuwaka,
na saa anazozipenda ni za darsa.
Mwalimu wa chuo akabisha hodi, macho chini:
“Fundi, watoto wananiuliza.”
Nikamwambia awajibu ni jenereta.

Nimesoma kwamba joto ndilo hupanga:
likizidi kidogo huja majike, likipungua, madume.
Bisibisi ilikuwa mkononi.
Robo mzunguko, basi.
Niliona haya kuingilia shauri la Mungu kwa bisibisi,
nikaiacha sindano katikati, nikaenda kuswali.

Siku ya sitini na tatu stima ikapotea.
Tulizungusha chupa za maji moto
tukazifunika kwa khanga ya Somoe, ile iliyoandikwa
USINIHESABU SIJAFIKA.
Hakuna aliyecheka mpaka asubuhi.

Kisha akaja Kenga wa wanyamapori, na fomu.
Akapima ua kwa hatua, akautikisa ukuta,
akauliza, “Wakifika miaka mia, wewe utakuwa wapi?”
Hakuuliza kwa ubaya. Palikuwa na mstari wa kujaza.

Athmani alijibu kutoka Doha:
“Pesa za mchicha nitatuma, Baba. Kobe, hapana.”

Basi nikamtaja Mbodze, wa nyumba ya pili,
miaka tisa, anayeleta majani ya kunde kila akitoka shule
na kumkwaruza Bafta shingoni mpaka shingo inyooke yote.
Mama yake alicheka akashika ukuta:
“Nani kamrithisha binti jiwe linalokula mchicha?”
Lakini hakukataa.
Nililiandika jina kwa penseli ileile,
Kenga akasema serikali haitaki penseli,
nikalipitishia wino.

Siku ya mia na kumi na mbili, ufa.
Kijino cha puani, kisha kimya cha saa tisa.
Mbodze alitaka kubandua ganda.
“Muache,” nikamwambia, “bado anakunywa kiini chake,
ukimvuta utamtoa na tumbo wazi.”
Akakalia mikono yake miwili, kwelikweli, akaikalia,
mpaka mama yake akaja kumchukua,
mpaka mama yake naye akaketi.

Walitoka watatu.
Manane mengine niliyamulika kwa tochi: manjano matupu,
moja lilikuwa na uzi wa damu uliokatikia njiani.
Hilo la uzi sikumwonyesha mtoto.
Nililifukia chini ya mpapai, alama ikiwa juu,
sijui kwa nini.

Wa kwanza tulimweka kwenye mizani ya Somoe ya karafuu.
Gramu sabini na moja, mchanga bado machoni.
Mbodze akafungua daftari la hesabu katikati,
akaandika tarehe, akaandika sabini na moja,
akapiga mstari kwa rula,
na ukurasa wote uliobaki akauacha wazi.