Kibodi ya Boksi

Kompyuta nane, wanafunzi hamsini na wawili,
na stima hapa Changamwe hukatika bila hodi.
Umazi akachora kibodi juu ya boksi la sabuni,
vidole vikajifunza njia gizani.
M ilikosa nafasi. Akaibandika pembeni,
karibu na doa la mafuta ya mahamri.

Jumamosi, simu ya mamake:
*Hongera! Mwanao kapata ufadhili.
Tuma mia tano za fomu, upesi.*
Mama keshabonyeza tarakimu tatu za siri.

"Ngoja."
Umazi akasoma tena, polepole,
kama achaguaye mchele.
"Jiwe hili hapa, mama. Shule wameikosea jina."
Akaifungia ile namba.

Jioni mama kaliinamia boksi,
kidole kimoja hewani:
"Na hii M, mbona umeiweka nje?"