Huku Pia ni Kushoto

Mvua ya leo hapa Utawala, Musembi,
imenirudisha ndani ya lile gari dogo la kukodi,
jekundu, lenye harufu ya mbwa wa watu.

"Usiogope," ulisema, "Ayalandi pia ni kushoto,"
kisha ukalikwaruza ubavu kwenye ukuta wa mawe,
mawe matupu, bila hata chembe ya saruji.
Wewe, fundi wa mjengo, ukashuka kwenye manyunyu.
Mkwaruzo hukuutazama.
Uliupapasa ukuta kama mtu anayemtafuta ng'ombe kupe.
"Nani aliyapanga haya?" ukawauliza kondoo.

Walikuwa wameijaza barabara, hawana haraka,
migongo imetiwa rangi ya buluu
kama magunia ya soko la Wakulima.

Tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi
kwa sababu ya ramani, au ya mama yako,
sikumbuki.
Nakumbuka chai ya chupa,
majani ya Kericho niliyoyasafirisha ndani ya soksi,
na kijani, kijani mpaka macho yakachoka.
Nikasema: Limuru hii, ila wachumaji wamegoma.
Ukacheka hadi vioo vikashika ukungu.

Sasa unajenga ukuta wako hapa langoni, mkavu.
Jirani ameuliza kama saruji imekwisha madukani.
Umeanguka mara mbili.

Nakuona dirishani, umechutama,
koti langu kichwani,
unaligeuza jiwe, unaligeuza tena,
unatafuta upande linaotaka kulalia.