Bomba la Mkiani

Ndege ni ya mbao, imenizidi umri,
haina injini, haijawahi kuwa nayo.
Hokororo aliikuta ghalani Nachingwea,
kuku wakitagia bawani,
akaitibu miaka minne kwa gundi na kitambaa.

Ikabaki kasoro moja: mshale wa variometa
ni mshale wa kujipendekeza.
Vuta usukani kidogo tu, pua iinuke,
wenyewe huruka: Tunapanda! Hewa imetubeba!
Uongo. Hewa imelala.
Ni kasi yako umeiuza, ukanunua kimo,
na baada ya pumzi tatu duka limefungwa.

Naujua mshale huo.
Nilikulia kwenye foleni ya chama cha msingi,
gunia letu la korosho juu ya mizani,
goti la karani likilinyanyua kwa chini.
Mama hakutazama mshale.
Alitazama goti.

Bomba lenyewe haliuzwi hapa, wala Lindi, wala Mtwara.
Nikakata la breki, la Landrova iliyokufa,
nikaziba ncha kwa risasi,
nikatoboa vitundu viwili vya kuupa upepo mgongo,
nikaikunja shingo ielekee mbele.
La kwanza lilipinda kupita kiasi.
La pili likapasuka.
La tatu ndilo hili.

Nilipoanza kutoboa pezi la mkia
Hokororo alitoka nje, eti anamwita mbwa.
Hana mbwa.

Mpira hadi kwenye dashibodi katupa Sista Nambwenga,
mabaki ya dripu, mita sita.
Nikanyonya polepole, nikabana kwa ulimi:
mshale ukaruka, ukarudi sifuri, haukuzama zaidi.
Hakuna panapovuja.

Jumamosi Landrova nyingine, nzima, ikaivuta kwa kamba.
Huko juu akavuta usukani.
Kimo kikapanda, kasi ikashuka,
bomba likazijumlisha zote mbili,
na mshale ukanyamaza.
Anasema alidhani umekufa.
Akavuta tena. Kimya.
Kisha, juu ya shamba lililochomwa, kwenye mwewe wawili,
hajagusa kitu,
ukainuka taratibu
kama mtu anayempisha mgeni kiti.

Jioni nimelivika bomba kifuniko cha biki,
maana nyigu wa hapa hawaoni tundu wasijenge.
Nimekifunga utepe mwekundu.
Atakayeruka kwanza kesho
akumbuke kukitoa.