Vidole Viwili

Kizota, saa mbili asubuhi. Nyemo kaja akiisukuma
tangu Nkuhungu, kiwiko kimefungwa kanga,
maana jana, penye tuta la shule,
ncha ya kandambili iliikosa ardhi
wakalala wote: yeye, pikipiki, trei sita za mayai.

"Vaa mchuchumio, dada," akacheka kijana wa kuziba pancha.
Fundi Chidosa hakucheka. "Panda. Nyoosha mguu."
Akaupima mwanya kwa vidole.
Akalegeza shokomzoba, akapandisha uma wa mbele,
akachana siti, akachonga sponji kwa kisu cha mkate.

Kipande kile Nyemo alikitia kwenye mkoba:
godoro la mwanasesere wa Sechelela.

Wakaisimamisha. Ikataka kulala upande usio wake
kama mlevi anayekataa kusindikizwa.
Stendi! Stendi sasa ndefu.
Hilo hakuna aliyeliwaza.
Chidosa akaikata vidole viwili, akaichomelea,
cheche zikafia kwenye ndoo ya oili chafu.

Tuta la shule, tena. Akasimama kusudi.
Kisigino cha kulia, chini. Cha kushoto, chini.
Nyuma yake honi, na mtu anauliza kuna nini.
Hakuna kitu.
Anakanyaga tu.